Namna ya Kuchagua Miksa ya Gharama Nafuu kwa Studio ya Nyumbani

Anayetafuta miksa, yaani mashine ya kuchanganya sauti, kwa ajili ya studio ya nyumbani aghalabu huanza kwa kuhesabu chaneli, yaani njia za kuingizia sauti, kisha hutazama bei, na mwishowe huvutiwa na wingi wa nobu na taa zilizopangwa juu ya mashine. Mpango huo humfaa anayenunua miksa ya ukumbini, ambako sauti zote huishia kwenye spika na kazi ikakamilika papo hapo. Kwa anayerekodi, swali la kwanza ni jingine kabisa: ni nini hasa kinachotoka kwenye miksa na kuingia kwenye kompyuta? Miksa mbili zinazofanana kwa umbo, zenye idadi sawa ya chaneli na bei zisizopishana sana, zinaweza kutofautiana katika jambo hilo moja tu, na tofauti hiyo ndiyo itakayoamua kama baada ya kurekodi utaweza kuirekebisha sauti ya mwimbaji bila kuligusa gitaa, au utalazimika kuwaomba wote warudie wimbo tangu mwanzo.

Kinachopita kwenye waya wa USB

Miksa nyingi za bei nafuu zenye USB hupeleka kwenye kompyuta njia mbili tu za sauti, yaani kushoto na kulia, hata kama juu yake kuna matundu kumi ya kuingizia sauti. Yamaha MG10XU, kwa mfano, ina nafasi nne za maikrofoni na jumla ya chaneli kumi, lakini USB yake hupeleka njia mbili na kurudisha mbili. Behringer Xenyx Q802USB nayo ni vivyo hivyo. Ukirekodi waimbaji wawili, gitaa na kinanda kwa mkupuo mmoja kupitia miksa ya namna hii, vyote vitaingia kwenye kompyuta vikiwa vimekwisha kuchanganywa, na hutaweza tena kukipunguza kinanda peke yake. Programu za kuzitenganisha sauti zilizokwisha kuchanganyika zipo siku hizi, ila kazi yake haijafikia usafi wa treki iliyorekodiwa peke yake tangu awali, na si busara kununua mashine kwa kutegemea kwamba programu itakuja kuufidia upungufu wake.

Hii haina maana kwamba miksa ya njia mbili haifai. Ipo mbinu rahisi inayoiongezea manufaa: nobu ya kupeleka sauti kushoto au kulia ikizungushwa hadi mwisho upande wa kushoto kwa chaneli ya mwimbaji, na hadi mwisho upande wa kulia kwa chaneli ya gitaa, kompyuta itapokea treki mbili zilizotengana kabisa, na kila moja itaweza kushughulikiwa kivyake. Kwa mwimbaji anayejipigia gitaa, au kwa watu wawili wanaofanya mazungumzo, hilo linatosha, wala hakuna sababu ya kulipia zaidi.

Wanaorekodi kikundi kizima kwa pamoja wanahitaji aina ya pili, yaani miksa ya treki nyingi, ambayo hupeleka kila chaneli kwenye kompyuta katika njia yake yenyewe. Soundcraft Signature 12 MTK hupeleka njia 14 na kupokea 12. Zoom LiveTrak L-8 na Tascam Model 12 zinafanya kazi hiyo na zaidi ya hapo zinaweza kurekodi treki hizo kwenye kadi ya SD bila kompyuta kuwapo, jambo linalowafaa sana wale ambao kompyuta yao ni ya zamani na hukwama ikizidiwa na kazi. Katikati ya makundi haya mawili ipo miksa kama Allen & Heath ZEDi-10, yenye USB ya njia nne za kwenda na nne za kurudi. Bei hupanda kadiri njia zinavyoongezeka, kwa hiyo aliyekwisha kujua idadi anayoihitaji hujiepusha na gharama ya njia ambazo hatazitumia kamwe.

Maneno ya kwenye boksi hayatoshi kukupa jibu, kwa kuwa neno USB likiandikwa kwa herufi kubwa halisemi lolote kuhusu idadi ya njia. Pakua kitabu cha maelekezo kutoka tovuti ya kampuni kabla ya kununua, kisha nenda kwenye kurasa za mwisho, ambako kwa kawaida huwekwa mchoro wa njia za sauti unaoonyesha kila tundu, kila nobu, na mahali ambapo USB inachota sauti yake. Mchoro huo huonekana mgumu kwa mara ya kwanza, lakini ukiifuata kwa kidole njia ya chaneli ya kwanza kutoka kwenye tundu la maikrofoni hadi kwenye USB, utakuwa umejifunza zaidi kuliko utakavyojifunza kwenye matangazo kumi ya mashine hiyo hiyo.

Mtego wa kurekodi juu ya kilichokwisha kurekodiwa

Kazi nyingi za nyumbani hufanyika kwa kuongeza tabaka: mdundo huwekwa kwanza, kisha mwimbaji huusikiliza kwenye hedifoni huku akiimba, halafu sauti za kuitikia hufuata. Hapa ndipo miksa nyingi za njia mbili huwasumbua wenyewe. Mdundo unaotoka kwenye kompyuta hurudi kwenye miksa kupitia USB. Miksa ikiuingiza kwenye mchanganyiko mkuu, na mchanganyiko huo huo ndio unaopelekwa tena kwenye kompyuta, basi treki mpya ya mwimbaji itakuwa na mdundo ndani yake. Hali hiyo ikitokea, sauti ya mwimbaji haiwezi kurekebishwa wala kuhamishwa bila mdundo kuvutwa pamoja nayo.

Miksa iliyobuniwa vizuri hutoa njia ya kulikwepa tatizo hilo. Nyingine zina kitufe cha kuielekeza sauti inayorudi kutoka kwenye USB iende kwenye hedifoni na spika za chumbani pekee, bila kupitia mchanganyiko mkuu; nyingine huruhusu USB ichote sauti kutoka kwenye njia ya pembeni badala ya njia kuu. Tafuta mojawapo ya njia hizo katika mchoro niliokwisha kuutaja. Kama huioni, na kama kazi yako ni ya kuongeza tabaka, achana na mashine hiyo hata kama inauzwa kwa bei ya kuvutia. Kwa maoni yangu hiki ndicho kigezo muhimu kuliko vyote kwa anayerekodi nyumbani, na ndicho kinachotajwa mara chache kuliko vyote.

Je, unahitaji miksa kweli?

Mtu anayerekodi sauti yake peke yake juu ya mdundo uliotengenezwa kwenye kompyuta hana haja ya miksa. Kifaa kinachomfaa ni intafesi ya sauti, yaani kisanduku kidogo chenye nafasi moja au mbili za maikrofoni, ambacho kazi yake kuu ni kuigeuza sauti kuwa data na kuipeleka kwenye kompyuta. Kwa kiasi kile kile cha fedha, intafesi ya chaneli mbili huwa na priampu (sehemu inayokuza sauti ya maikrofoni) safi zaidi na draiva (programu inayoiunganisha mashine na kompyuta) bora zaidi kuliko miksa ya chaneli nane, kwa sababu gharama yake haikugawanywa kwa vitelezi, ekwalaiza na madoido ambayo mtu huyo hatayagusa. Uchanganyaji wenyewe utafanyika ndani ya programu, ambako kila hatua inaweza kufutwa na kurudiwa.

Miksa hupata mahali pake pale ambapo kuna vyanzo vingi vya sauti vinavyotakiwa kubaki vimechomekwa wakati wote, kama vile vinanda viwili vitatu, mashine ya ngoma na maikrofoni kadhaa. Au pale ambapo watu kadhaa wanazungumza moja kwa moja na mtu mmoja anapaswa kusawazisha sauti zao kwa mkono wakati huo huo. Au pale ambapo mashine hiyo hiyo itatumika studioni leo na jukwaani kesho. Aliye katika mojawapo ya hali hizi na aendelee kusoma, kwa kuwa yanayofuata yanamhusu.

Chaneli za kwenye jina na chaneli za kweli

Namba iliyo kwenye jina la miksa huhesabu kila kitu. Chaneli ya stereo, ambayo ina nobu moja na matundu mawili, huhesabiwa kuwa mbili, na ndiyo maana miksa inayoitwa ya chaneli 12 inaweza kuwa na nafasi nne tu za maikrofoni. Hesabu matundu ya XLR, yaani yale ya duara yenye pini tatu, ambayo kila moja lina nobu yake ya gaini, yaani ya kukuza sauti, kisha ulinganishe na idadi ya maikrofoni utakazozitumia kwa wakati mmoja. Ongeza moja au mbili za akiba, si zaidi. Vinanda na vyombo vingine vya kielektroniki havihitaji priampu ya maikrofoni, bali huingia kwenye matundu ya laini, yaani ya sauti ambayo tayari ina nguvu, ambayo kwa kawaida huwa ni mengi. Gitaa la umeme na gitaa la besi ni suala tofauti, kwa kuwa sauti ya pikapu zake hudhoofika ikichomekwa moja kwa moja kwenye tundu la kawaida la laini. Angalia kama miksa ina kitufe kilichoandikwa Hi-Z, na kama hakipo, weka kando fedha za kununulia kisanduku cha DI, kinachoiwezesha sauti ya gitaa kuingia kwenye tundu la maikrofoni.

Priampu, gaini na umeme wa maikrofoni

Maikrofoni hutoa mawimbi dhaifu mno, na priampu ndiyo inayoyakuza hadi yafae kurekodiwa. Mambo mawili huangaliwa hapa. La kwanza ni kiasi cha gaini. Maikrofoni za kondensa hutoa mawimbi yenye nguvu kiasi na haziisumbui miksa yoyote, lakini maikrofoni za dainamiki huhitaji kukuzwa sana, na Shure SM7B, inayopendwa na wasimulizi na waimbaji wengi, huhitaji gaini safi ya takriban desibeli 60. Miksa ambayo gaini yake inaishia chini ya hapo, au inayoanza kufoka kama upepo nobu inapokaribia mwisho, haitaitendea haki maikrofoni hiyo. La pili ni kelele ya priampu yenyewe, ambayo kwenye jedwali la vipimo huandikwa EIN na hupimwa kwa dBu. Namba hiyo huwa hasi, na kadiri inavyokwenda mbali chini ya sifuri ndivyo priampu ilivyo safi. Kwa chanzo cha ohm 150, sheria za fizikia zenyewe huweka ukomo wa karibu -131 dBu, kwa hiyo miksa ya bei nafuu yenye -128 dBu tayari iko karibu na ukomo huo, na anayeidharau kwa sababu ya jina la kampuni hana hoja.

Maikrofoni za kondensa huhitaji umeme unaopanda kwenye waya ule ule wa XLR unaoshusha sauti, na kiwango chake ni volti 48. Kiwango hicho kilitokana na kazi ambayo kampuni ya Neumann ya Ujerumani ililifanyia shirika la utangazaji la Norwei mwaka 1966, na tangu hapo kimekuwa kawaida ya dunia nzima. Hakikisha vipimo vinataja volti 48 waziwazi, kwa kuwa baadhi ya miksa ndogo sana zinazotumia umeme wa USB hutoa volti pungufu, na maikrofoni ikipata umeme pungufu inaweza kufanya kazi kwa unyonge au isifanye kabisa. Katika miksa nyingi za bei nafuu kitufe kimoja huwasha umeme huo kwa chaneli zote kwa pamoja. Maikrofoni za dainamiki haziathiriki zikiwa kwenye waya mzima wa XLR, ila maikrofoni za utepe, hasa za zamani, zinaweza kuharibika pale waya unapokuwa na hitilafu, kwa hiyo mwenye maikrofoni ya aina hiyo atafute miksa inayowasha umeme kwa kila chaneli peke yake.

Biti, draiva na ucheleweshaji wa sauti

Biti ni kiwango cha undani ambao kila kipimo cha sauti huhifadhiwa nao. Miksa inayorekodi kwa biti 24 inafaa zaidi kuliko ya biti 16, na sababu yake ni ya kiutendaji. Biti 16 hutoa nafasi ya takriban desibeli 96 kati ya sauti kubwa kabisa na kelele ya chini kabisa, ilhali biti 24 kinadharia hufikia 144. Nafasi hiyo pana humwezesha mtu kurekodi kwa sauti ya wastani, akiacha uwazi wa kutosha kwa mwimbaji anayepandisha ghafla, bila kuhofia kelele itakayojitokeza sauti itakapoongezwa baadaye. Kwa upande wa kasi ya sampuli, yaani idadi ya mara sauti inavyopimwa kwa sekunde, kilohezi 44.1 au 48 zinatosha kwa muziki na kwa video. Usiongeze hata senti moja kwa ajili ya 192, kwani mafaili yatakuwa makubwa mara nne na msikilizaji hataona tofauti.

Linalostahili kuchunguzwa zaidi ni draiva. Kwenye Windows, programu za kurekodi hutegemea mfumo wa ASIO uliobuniwa na Steinberg, na miksa yenye draiva yake ya ASIO iliyotengenezwa na kampuni yenyewe hufanya kazi kwa uthabiti kuliko ile inayokuachia utumie draiva ya jumla. Kwenye kompyuta za Mac, miksa nyingi hutambuliwa bila kusakinisha kitu. Tazama pia tarehe ya draiva ya mwisho kwenye tovuti ya kampuni, maana mashine ambayo draiva yake haijaguswa kwa miaka mingi inaweza kukataa kufanya kazi mfumo wa kompyuta ukisasishwa.

Ubora wa draiva huonekana katika ucheleweshaji. Sauti inayoingia kwenye kompyuta husubiri kwenye akiba ndogo kabla ya kushughulikiwa: akiba ya sampuli 128 kwa kilohezi 48 huchelewesha kwa takriban milisekunde 2.7, na ya sampuli 512 kwa takriban 10.7, na hiyo ni safari ya upande mmoja tu. Ikijumlishwa na ya kurudi, mwimbaji huanza kujisikia akiwa nyuma ya mdundo. Hapa miksa ina faida ya asili, kwa kuwa mwimbaji anaweza kujisikia moja kwa moja kutoka kwenye miksa kabla sauti haijaingia kwenye kompyuta, na kilichobaki ni kunyamazisha treki yake ndani ya programu ili asijisikie mara mbili.

Vinavyofaa na vinavyopamba

Kitufe cha kukata mitetemo ya chini, ambacho katika miksa nyingi hukata chini ya hezi 75 hadi 100, ni kitu kidogo chenye thamani kubwa. Huondoa mtetemo wa sakafu, wa feni na wa mkono unaogusa kishikizo cha maikrofoni. Tundu la hedifoni lenye sauti ya kutosha na nobu yake peke yake ni la lazima, na matundu ya spika za chumbani yaliyotengwa na mchanganyiko mkuu yanakuwezesha kupunguza spika bila kubadili kinachorekodiwa.

Madoido ya mwangwi yaliyomo ndani ya miksa humsaidia mwimbaji kujisikia vizuri, lakini katika miksa za njia mbili mara nyingi huingia kwenye rekodi na hayatoki tena. Vivyo hivyo kwa ekwalaiza na kwa kompresa (inayopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo) ya nobu moja: angalia kwenye mchoro kama USB inachota sauti kabla au baada yake. Ningeshauri kununua miksa isiyo na madoido kabisa pale kampuni inapouza matoleo mawili ya mashine ile ile, na tofauti ya bei itumike kununulia nyaya nzuri za XLR na blanketi nzito za kutuliza mwangwi wa chumba, maana hakuna priampu inayoweza kukifuta chumba kilichomo ndani ya rekodi.

Kununua iliyotumika, na kujaribu yoyote

Miksa iliyotumika ni njia nzuri ya kupata mashine bora kwa fedha kidogo, mradi iwe na adapta yake ya asili. Baadhi ya miksa hutumia adapta zenye pini tatu zinazotoa umeme geu wa volti zisizo za kawaida, na kuipata nyingine inayolingana ni kazi ngumu. Epuka miksa za zamani zinazounganishwa kwa FireWire, kwa kuwa kompyuta za sasa hazina tundu hilo.

Nenda na maikrofoni moja, waya mmoja, hedifoni na kompyuta yako. Pitisha maikrofoni kwenye kila chaneli, moja baada ya nyingine, huku ukizungusha kila nobu na kusogeza kila kitelezi polepole. Mkwaruzo mdogo huenda ukaisha kwa dawa ya kusafishia viungo vya umeme, lakini sauti inayokatika au kuhama upande mmoja ni dalili ya uharibifu. Washa volti 48 ukiwa na maikrofoni ya kondensa, na uhakikishe chaneli zote zinaipatia uhai. Rekodi maneno machache ukipanga gaini ili kilele cha sauti kifike kati ya desibeli -18 na -12 kwenye kipimo cha programu, kisha rekodi ukimya wa nusu dakika kwa kiwango hicho hicho na uusikilize kwa sauti kubwa. Ukisikia mngurumo wa chini usiokoma, chomoa chaja ya kompyuta usikilize tena: ukitoweka, tatizo liko kwenye njia ya umeme wa chaja wala si kwenye miksa, ukibaki, muulize muuzaji. Mwisho, cheza mdundo kutoka kwenye kompyuta huku ukirekodi treki mpya bila kusema neno, na utazame kama treki hiyo inabaki tupu. Kwa mashine mpya, majaribio haya yote yafanyike kabla muda wa kurudisha bidhaa haujaisha, boksi na risiti vikiwa bado vimehifadhiwa.